Kupiga Hijazi kwa Mandolini

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa ayasome kwanza peke yake, kisha ayasome pamoja na wanafunzi wake.)

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu ya risasi. Leo hatutasoma barua, wala hatutafanya hesabu ya dukani. Leo tutasoma na kuandika muziki. Msishtuke. Hatutatumia zile alama za vichwa vyeusi zilizokaa juu ya mistari mitano. Tutatumia tarakimu sita tu ambazo mmekwisha kuzijua: 0, 1, 2, 3, 4 na 5.

Chombo chetu ni mandolini. Mandolini ni kama ndugu mdogo wa gitaa. Asili yake ni nchi ya Italia, hasa mji wa Napoli. Ina tumbo dogo, shingo fupi, na nyuzi 8 za chuma. Nyuzi hizo hukaa mbili mbili, kwa hiyo tunazo jozi 4, na nyuzi mbili za kila jozi hukazwa mpaka zitoe sauti moja. Jozi nene kabisa, ile iliyo juu karibu na uso wako unapoipakata mandolini, huitwa G. Inayofuata huitwa D, kisha A, na ile nyembamba ya chini huitwa E. Andikeni herufi hizo katika daftari: G, D, A, E. Mpigaji wa fidla atazitambua mara moja, maana fidla nayo hukazwa hivyo hivyo. Lakini fidla ina shingo laini, na shingo ya mandolini ina vichuma vimelala kukingama, ambavyo wapigaji wengi huviita freti.

Vichuma hivyo ndivyo tutakavyovihesabu. Usipogusa uzi kwa kidole, tunaandika 0. Ukibonyeza nyuma ya kichuma cha kwanza, tunaandika 1. Ukibonyeza nyuma ya cha pili, tunaandika 2, na kuendelea. Kila kichuma hupandisha sauti kwa nusu. Ni hayo tu.

Nimechagua mandolini kwa sababu si ngeni Morogoro. Katika miaka ya 1940 na 1950 vikundi vya nyuzi vya Tanganyika vilichanganya gitaa, banjo na mandolini, na mji wetu ulikuwa na sifa kubwa katika mambo hayo. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe, aliyeijulisha Morogoro Jazz kila mahali, alifariki mwaka 1979. Na mpaka leo ukipita mitaani jioni hukosi kusikia sauti zao. Lakini nyimbo nyingi za dansi hupanda na kushuka kwa ngazi moja tu, ile ya do, re, mi, ambayo pia ni ngazi ya nyimbo nyingi za shuleni na za kanisani. Ngazi tutakayojifunza leo ni nyingine. Jina lake ni Hijazi.

Kwanza tuelewane juu ya neno ngazi. Sauti za wimbo hupanda kwa vidato, kama mtu anavyopanda ngazi. Na kama mjuavyo, si kila ngazi ina vidato vilivyolingana. Watu wa Mgeta wanajua: mlima wenyewe ndio unaokuambia hapa upige ngazi fupi na pale ndefu. Wazee wa Matombo nao wana habari yao juu ya ngazi. Mwaka 1955 watu walikataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, maana kuuchimba mlima namna ile kulileta juu udongo usiootesha kitu, na mtu mmoja aliuawa katika ghasia zile. Hiyo ni historia ya siku nyingine. Leo nataka mkumbuke jambo moja tu: vidato vya ngazi vyaweza kuwa vifupi au virefu, na urefu wake ndio unaoupa wimbo tabia yake.

Sasa andikeni ngazi ya do, re, mi. Tutaanza na jozi ya D bila kuigusa, tupande, kisha tuhamie jozi ya A.

Jozi ya D: 0 2 4 5
Jozi ya A: 0 2 4 5

(Hapa mandolini inapigwa, polepole, mara mbili.)

Mnaona kwamba mstari wa kwanza na wa pili ni sawa. Ni ngazi rahisi kuikumbuka. Sasa andikeni chini yake ngazi ya Hijazi:

Jozi ya D: 0 1 4 5
Jozi ya A: 0 1 3 5

(Hapa mandolini inapigwa, polepole, mara mbili.)

Mmeisikia? Hebu mwalimu wa darasa aulize: ni nani ambaye hajapata kusikia sauti ya namna hii? Nadhani hatainuka mtu. Katika nchi nyingi adhana huadhiniwa kwa mwendo wa Hijazi. Adhana si wimbo, wala haipigiwi mandolini, na ninawaomba radhi wanaoona si vizuri kuzitaja pamoja. Ninachosema ni kwamba masikio ya mtu aliyekua Morogoro, awe Mwislamu au Mkristo, yamekwisha kuizoea njia hii tangu utoto. Tena wengi wetu tumeisikia katika taarabu. Hijazi ni jina la nchi ya Bara Arabu iliyo na miji ya Maka na Madina. Ngazi yenye jina hilo ilifika kwetu pamoja na udi, kanuni na fidla kwa njia ya Unguja, ambako chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri, na nyimbo za Kiswahili za namna hiyo zikaanza kusafiri mpaka bara. Baadaye, redio ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, hata mtu aliyekuwa na shamba lake mlimani, mbali na pwani, aliweza kuzisikia.

Basi Hijazi ni ngeni kwa vidole, si kwa masikio. Jambo hilo ni la faida kubwa, maana sikio lako ndilo litakalokuwa mwalimu wako wakati mimi nimenyamaza.

Tutazame tarakimu tena. Siri yote ya Hijazi iko katika mstari wa kwanza: 0 1 4 5. Kutoka 0 hadi 1 ni kidato kifupi kabisa, kichuma kimoja. Kutoka 1 hadi 4 ni kidato kirefu, vichuma vitatu kwa mara moja. Kisha 4 hadi 5, kifupi tena. Kile kidato kirefu cha katikati ndicho kinachofanya mtu ageuze kichwa akisikia. Katika do, re, mi hamna kidato kirefu namna hiyo.

Vidole vikae hivi: cha shahada kibonyeze 1, cha kati kibonyeze 4, na cha pete kibonyeze 5. Hapo ndipo taabu inapoanza. Kutoka kichuma cha kwanza hadi cha nne ni kama sentimita 5, na vidole viwili hivyo havikuzoea kuachana kiasi hicho. Usivilazimishe kwa nguvu. Weka cha shahada mahali pake, kiache hapo hapo kimebonyeza, halafu tanua cha kati mpaka kifike. Kisha kiinue, ukirudishe tena. Fanya hivyo mara 20 bila kupiga uzi, upumzike, uanze tena. Ninyi mnaolima mna bahati moja ambayo makarani hawana: ncha za vidole vyenu zimekwisha kuwa ngumu, kwa hiyo nyuzi za chuma hazitawaumiza sana. Lakini mkono uliozoea jembe hushika kwa nguvu kupita kiasi, na shingo ya mandolini haitaki hivyo. Ishikeni kama mnavyoshika yai la kuku.

Sasa nawasimulieni habari niliyoipata katika darasa moja la jioni mjini Morogoro.

Mwanafunzi mmoja wa darasa hilo ni mama anayeuza ndizi na mboga. Huziteremsha kutoka mlimani alfajiri kwenda sokoni. Mama huyu alikuwa na mandolini aliyoachiwa na mjomba wake. Mjuavyo, kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mara nyingi vitu vya mjomba huenda kwa wapwa. Mjomba huyo alikuwa akipiga nyimbo za Hijazi katika arusi. Alipokufa, mandolini ilining'inia ukutani miaka mingi, nyuzi zikashika kutu, na nyimbo zikaondoka naye. Mtu mmoja tu alikuwa bado anazijua: mzee mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa rafiki wa mjomba na mpigaji mwenziwe. Lakini mzee huyo mkono wake wa kushoto umepooza. Hawezi tena kubonyeza uzi.

Mama alinunua nyuzi mpya, akaichukua mandolini, akaenda kwa mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo si mandolini ya rafiki yangu?"

"Ndiyo, Mzee. Nimekuja unifundishe ule wimbo wa kumtolea bibi arusi."

"Nitakufundishaje, mwanangu? Mkono huu umekufa."

"Mkono wa kulia mzima, Mzee. Wewe nioneshe kwa kidole, mimi nitaandika."

Mzee alicheka. Alisema wimbo hauandikwi, huibwa kwa macho na masikio kama yeye na wenzake walivyoiba. Lakini alikubali. Akawa anaimba kwa kuvumisha puani, huku akigusa vichuma kwa kidole cha mkono wa kulia, na mama akihesabu na kuandika. Waliandika kwanza ngazi, kisha mwanzo wa wimbo. Jua likashuka, mama akaondoka.

Nyumbani alijaribu wiki nzima. Sauti zilitoka nzuri na safi, lakini wimbo haukuwa ule. Ulikuwa na huzuni ya kulala lala, na mjomba hakuwa akipiga hivyo. Mama akafikiri mandolini imeharibika kwa kutundikwa muda mrefu. Jirani mmoja akamwambia shingo imepinda, kwa hiyo aiuze tu kabla haijavunjika.

Hakuiuza. Alirudi kwa mzee akampigia. Mzee akakunja uso. "Huo si wimbo wa mjomba wako. Huo ni wimbo wa mtu mwenye usingizi." Akanyosha mkono aonyeshe, akakumbuka kwamba hawezi, akaurudisha mapajani. Wakakaa kimya. Kisha mama akafungua daftari akasoma kwa sauti aliyoyaandika: "Jozi ya D: sifuri, moja, tatu, tano. Jozi ya A: sifuri, moja, tatu, tano."

"Tatu?" mzee akauliza. "Tatu ya wapi? Ya A ni tatu. Ya D ni nne! Nne, mwanangu!"

Mnaliona kosa? Mama alipoandika mstari wa pili, aliona 3, akadhani mistari yote miwili lazima ifanane kama ile ya do, re, mi, akairudia 3 katika mstari wa kwanza. Tarakimu moja tu. Na 0 1 3 5 katika mistari yote miwili si kelele. Ni ngazi nyingine kamili yenye jina lake, huitwa Kurdi. Nayo ni nzuri. Lakini siyo Hijazi.

Tazameni jinsi kosa hilo lilivyopatikana. Mzee hajui kusoma, kwa hiyo asingeweza kuliona katika daftari. Mama hakuzijua nyimbo vizuri, kwa hiyo asingeweza kulikamata kwa sikio peke yake. Alijua tu kwamba kuna kitu hakikukaa sawa. Liliposomwa kwa sauti, ndipo masikio ya mmoja na macho ya mwingine yalipokutana. Mama akafuta 3, akaandika 4. Mzee akaomba aione hiyo nne. Akaitazama sana, akasema inafanana na kiti kilichopinduliwa, na tangu siku ile wakifika mahali hapo humwambia mama, "Pindua kiti."

Mpaka niliposikia habari hii wimbo wa bibi arusi ulikuwa umekwisha kuandikwa wote, kurasa mbili. Mzee anasema anazo nyimbo 11. Zilizoandikwa ni 3. Kila Jumapili mama hupita kwake akitoka sokoni, na siku ambazo mzee hana nguvu huandika mstari mmoja tu au hawaandiki kabisa.

Turudi katika mazoezi yetu. Kila Hijazi ina nyumbani kwake. Hapa nyumbani ni D, yaani jozi ya D bila kuguswa, ile 0 ya mwanzo. Unaweza kutembea upendavyo, lakini mwisho wa safari urudi hapo, na msikilizaji atajua kwamba umefika. Njia nzuri ya kurudi ni kupitia chini kidogo, kwenye jozi ya G kichuma cha 5. Andikeni zoezi hili, na mwalimu aliandike ubaoni:

Jozi ya D: 0 1 4 5
Jozi ya D: 5 4 1 0
Jozi ya G: 5
Jozi ya D: 1 0

(Hapa mandolini inapigwa mara tatu.)

Pigeni zoezi hili polepole, kila sauti kwa hesabu ya mbili: moja, mbili, moja, mbili. Msiongeze mwendo mpaka muweze kulipiga mara 10 bila kukosea pale kwenye 1 na 4. Kwa watu wengi hii ni kazi ya wiki mbili au tatu, robo saa kila jioni. Robo saa kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumapili, kwa sababu vidole husahau upesi.

Sauti ya mandolini hufa upesi pia. Mpigaji akitaka sauti ikae, huchapa uzi upesi upesi, juu na chini, kwa kile kipande cha plastiki ambacho wapigaji udi huita risha. Msianze na mtetemo huo sasa. Kwanza mpate vidato.

Mtu mmoja ataniuliza: je, mandolini yaweza kupiga ngazi zote za taarabu? Haiwezi. Chukueni ngazi ya Rasti. Sauti yake ya tatu inakaa katikati ya kichuma cha 3 na cha 4, na hapo mandolini haina kichuma. Mpigaji wa udi au wa fidla huweka kidole popote anapotaka, maana shingo ya chombo chake ni laini. Sisi twaweza kubonyeza 3 na kuusukuma uzi kando ili sauti ipande kidogo, lakini kwa nyuzi mbili mbili ni kazi ngumu, tena huchosha. Hata Hijazi yenyewe, mafundi wa fidla huibembeleza: sauti ile ya 1 huipandisha kidogo mno na ile ya 4 huishusha kidogo mno, kidato kirefu kikawa na utamu zaidi. Kwa maoni yangu hilo lisimkatishe mtu tamaa. Hijazi ya vichuma ni Hijazi, na arusini watu watacheza.

Neno moja juu ya chombo chenyewe. Hapa kwetu, chini ya Bondwa, masika huleta unyevu mwingi. Mbao huvimba na nyuzi hushika kutu. Pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, usiitundike mandolini juu ya jiko wala mahali panapovuja, na kabla ya kupiga usikilize kila jozi kama nyuzi zake mbili bado zinakubaliana. Zisipokubaliana, hata fundi ataonekana hajui. Na ambaye hana mandolini asibaki nyuma. Apigilie ubao, afunge waya mmoja wa breki ya baiskeli, auinue kwa kijiti, achore mistari mahali pa vichuma. Waya mmoja unatosha kwa 0 1 4 5.

Kazi ya wiki hii ni hii. Nakilini ngazi tatu: do, re, mi, Hijazi, na Kurdi. Kila moja iandikwe katika mistari miwili. Kisha mmoja asome tarakimu kwa sauti, mwenziwe apige au aimbe, na wengine waseme ni ngazi gani. Anayesoma asitaje jina. Mkitofautiana, fungueni daftari mtazame mstari wa kwanza, tarakimu ya pili na ya tatu.

Wiki ijayo tutaandika ngazi iitwayo Hijazi Kari, ambayo ni 0 1 4 5 katika mistari yote miwili. Leteni kalamu zilizochongwa. Kwa herini.